Kutu Chini ya Rangi



Leo nataka kuzungumza nanyi habari ya kutu. Najua wako watakaocheka na kusema, "Mzee huyu amekosa la kuandika." Ngojeni kwanza. Kila mwaka mizani ya pamba inapofunguliwa huku kwetu Bariadi, na kule Maswa, Meatu, Itilima na Busega, fedha huingia katika nyumba nyingi kwa mara moja. Na wako watu ambao, wakiisha kulipa madeni na karo za watoto, hukaa na ndugu zao wakafanya shauri la kununua motokaa. Hao ndio hasa ninaowaandikia. Asiye na shauri la motokaa naye asilitupe gazeti, maana plau, baiskeli, mkokoteni na bati la nyumba vyote ni watoto wa mama mmoja: ni chuma, na adui yao ni yule yule.

Mwaka 2016 mimi na mdogo wangu tuliuza pamba na maksai wanne, tukanunua pikapu kuukuu kwa shilingi milioni 6. Tuliikagua siku ya Jumapili baada ya Misa, nami nilikuwa nimevaa shati jeupe. Pikapu ilikuwa nyekundu, inang'aa kama kikombe kipya. Tulifungua boneti, tukasikiliza injini, tukapiga honi, watoto wakashangilia. Mdogo wangu akasema, "Kaka, tuangalie na chini." Nikatazama vumbi, nikatazama shati langu, nikamjibu, "Chini kuna nini? Magurudumu si haya tunayaona?" Loo! Sijapata kuvaa shati la bei kubwa kuliko lile.

Mvua za kwanza zilipokuja, mwezi wa Novemba, nikaona malengelenge madogo kwenye rangi, chini ya mlango wa kulia, pale mtu anapokanyaga akipanda. Nikayafuta kwa kitambaa kana kwamba ni matone ya maji. Kufika Pasaka malengelenge yamepasuka, nami nikibonyeza kwa kidole, kidole kikaingia ndani. Nikavuta kilichokuwamo. Kikatoka kipande cha pati kinene kama gamba la kobe, na nyuma yake magazeti yaliyosokotwa! Bati lilikuwa limekwisha kuliwa lote. Mtu alikuwa amejaza karatasi tunduni, akapaka pati juu yake, akapiga msasa, akapaka rangi nyekundu, na mimi nikalipa milioni 6.

Wengine husema, "Huku kwetu hakuna bahari, kutu itatoka wapi?" Mimi pia nilisema hivyo. Ni kweli kwamba watu wa Tanga, Dar es Salaam na Unguja wanaonewa zaidi, maana hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi huichochea kutu kama upepo unavyochochea moto. Lakini chumvi ina njia nyingi za kufika Bariadi. Motokaa nyingi tunazonunua zimetumika Japani kwanza. Kule kaskazini, katika kisiwa cha Hokkaido, theluji huanguka kwa wingi, na hutupa chumvi barabarani ili barafu iyeyuke. Motokaa iliyopita humo miaka kumi hurushiwa maji ya chumvi tumboni kila majira ya baridi. Huku kwetu tena, mimi mwenyewe nilikuwa nikipakia kayabo kutoka Lamadi, yaani sangara waliokaushwa kwa chumvi, na maji yao yakichuruzika mpaka chini. Siku ya mnada nilipakia ng'ombe na mbuzi. Mkojo wa mnyama una chumvi zake na ukali wake, nao huingia katika kila mwanya wa sakafu. Na mnaujua udongo wetu wa mbuga, ule mweusi. Wakati wa masika hushika motokaa kama ugali unavyoshika mwiko, hujibandika ndani ya madigadi na juu ya chasisi, na ndani yake unyevu hukaa siku nyingi hata jua likiwaka. Chuma kilicho chini ya tope hilo kimevikwa nguo mbichi mchana na usiku.

Basi, pamoja na hayo yote, baada ya kuona magazeti yale nilifanya nini? Nilifanya kama yule aliyeniuzia. Nilimwita kijana mmoja akapaka pati mpya, na chini ya motokaa nikapaka oili chafu iliyomwagwa kutoka injini, maana watu husema oili chafu ni dawa ya kutu. Sikuchunguza chasisi. Ilikuwa imepakwa lami nyeusi, nzuri kutazama, nikadhani iliyofunikwa imelindwa.

Mwezi wa Aprili mwaka 2018 tulikuwa tukienda mnadani. Nyuma walikuwamo watu kumi na mmoja pamoja na mizigo yao, na mke wangu alikuwa mmoja wao. Najua sheria inakataza kubeba watu nyuma ya pikapu, wala sijitetei. Tulipoingia katika korongo dogo nikasikia mlio kama bunduki. Pale springi ya nyuma inaposhikwa na chasisi palikuwa pameng'oka, na motokaa ikalala upande. Hakufa mtu, Mungu asifiwe. Lakini mke wangu alivunjika mkono, na mkono ule hata leo haunyooki sawasawa. Akisuka ukili naona. Akiinua ndoo naona.

Fundi mzee wa hapa Bariadi, mchomeleaji, aliingia chini yake na bisibisi na nyundo. Akakwangua ile lami nyeusi, chini yake chuma kikatoka kwa magamba kama ya samaki. Akasukuma bisibisi, ikapita upande wa pili. Akatoka akaniambia, "Mzee, hii haikufa jana. Ilikuwa inakufa ndani ya sanda." Kwa fundi huyo ndiko nilikojifunza haya ninayowaambia, na mengine nimeyaongeza kwa kusoma na kwa kuharibu.

Kutu ni chuma kilichoungana na oksijeni ya hewani kwa msaada wa maji. Ukiondoa hewa au maji, hakuna kutu. Rangi zote, praima zote na mafuta yote kazi yao kubwa ni kuzuia hivyo viwili visikifikie chuma. Lakini kutu ikisha kuanza chini ya rangi ina tabia mbaya: hufura. Huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo, nayo huinua rangi kama uyoga unavyoinua ardhi, rangi ikapasuka, maji yakaingia zaidi. Ndiyo maana kupaka juu ya kutu ni sawa na kufunga kidonda chenye usaha. Bandeji ni nyeupe, ndani mnaoza.

Kwa hiyo kazi kubwa si kupaka, ni kukwangua. Fundi alinipa brashi ya waya, tupa na msasa, akaniambia, "Ukiona chuma kinang'aa kama fedha, niite." Nilikwangua siku nne. Nilipomwita mara ya kwanza alitazama akaondoka bila kusema neno, nami nikaendelea. Pale kutu ilipokuwa nyepesi na kung'ang'ania vishimoni, alipaka dawa yenye asidi ya fosfori, ambayo huigeuza kutu iliyobaki kuwa kitu kigumu cheusi kisichoendelea kula. Ziko dawa nyingine za namna hiyo zinazotumia tanini, ile ile inayotoka katika magome ya miti na kulainisha ngozi. Miwati ya Njombe imelimwa tangu 1949 kwa ajili yake. Ukikata gome bichi la mti wa namna hiyo kwa panga, utaona panga linavyofanya weusi. Ndiyo kazi yenyewe hiyo. Lakini dawa hizi ni za kutu nyembamba. Ukimpakia mtu dawa juu ya tundu, tundu litabaki tundu.

Tundu dawa yake ni bati. Hukatwa sehemu yote mbovu mpaka kufikia chuma kizima, kisha huchomelewa kipande kipya. Chasisi nayo ilitiwa chuma kinene, si bati la debe. Kabla ya kuchomelea, fundi alifungua waya za betri na kuliondoa tangi la mafuta. Anayechomelea karibu na tangi anacheza na roho yake na ya jirani.

Sasa habari ya pati, ambayo wengine huiita bodi fila. Msiichukie. Pati si mwongo. Mwongo ni mtu. Imetengenezwa kwa gundi ngumu iliyochanganywa na unga laini kama ulanga, na kazi yake ni kusawazisha bonde dogo lililobaki baada ya nyundo, lisilozidi milimita 3 au 4. Huchanganywa na hadina kidogo sana, mara nyingi sehemu 2 kwa 100. Ukizidisha itapasuka, ukipunguza haitakauka. Lakini pati hunywa maji kama chaki. Ukiipaka juu ya kutu, umeiwekea kutu mtungi wa maji mlangoni. Sharti ishike juu ya chuma safi kikavu, au juu ya praima nzuri ya epoksi, na ifunikwe upesi.

Hapo nataka kusema jambo ninaloliona kila siku hapa mjini. Mtu ananyoosha motokaa yake, anapaka praima ya kijivu, fedha inamwishia, basi anatembea na kijivu hicho miezi sita akisema, "Angalau kutu haitaingia." Itaingia! Praima ya kawaida ni ya kushikisha rangi. Yenyewe ina matundu madogo yasiyoonekana, nayo hupitisha unyevu. Kama huna fedha ya rangi ya juu, heri usubiri kuanza kazi mpaka uwe nayo. Praima ya epoksi huvumilia zaidi. Ile nyekundu ya dukani, redi oksaidi, ni nzuri kwa chuma cha geti na mkokoteni, na jambo la kuchekesha ni kwamba wekundu wake ni unga wa oksaidi ya chuma, yaani ndugu yake kutu mwenyewe, ila huyu amefugwa. Lakini rangi nyekundu za zamani zilitiwa risasi, na risasi ni sumu inayoharibu hasa ubongo wa watoto. Ukikwangua rangi kuukuu usiyoijua, lowesha kwanza ili vumbi lisiruke, funga kitambaa puani, na watoto wakae mbali.

Na zinki je? Tazameni mapaa yenu. Bati la nyumba ni chuma kilichovikwa zinki, na zinki hukubali kuliwa kwanza ili chuma kipone. Hata ukikwaruza kidogo, zinki ya pembeni humlinda mwenzake. Ndiyo maana bati jipya hung'aa miaka, kisha siku zinki ikiisha, wekundu huenea upesi. Iko praima ya zinki kwa kazi hiyo hiyo, lakini haifai kitu kama haikugusa chuma kitupu.

Wazee wetu wanazikumbuka Land Rover za misheni, na wengi husema zile hazikupata kutu. Wana haki nusu. Land Rover tangu 1948 ilifanyiwa bodi ya aluminiamu, kwa sababu baada ya vita chuma cha bati kilikuwa haba Uingereza. Aluminiamu haifanyi kutu nyekundu. Lakini chasisi yake ilikuwa chuma, ikiliwa kimya kimya, na pale aluminiamu ilipogusana na chuma penye maji, aluminiamu yenyewe iligeuka unga mweupe.

Motokaa yangu ilipokwisha kuchomelewa nilisafisha matundu ya chini ya milango. Je, mwajua kwamba milango ina matundu? Mtengenezaji ameyaacha makusudi ili maji yanayopita pembeni mwa kioo yatoke. Tope la mbuga huyaziba, mlango ukawa ndoo. Kijiti kimoja kwa wiki kingaliniokolea bati lile. Kisha nikaacha oili chafu. Imejaa asidi na masizi, hulainisha mipira ya motokaa ikavimba, na hudondoka ardhini tunapolima. Badala yake, ndani ya chasisi na milango nilipaka nta ya nyuki iliyoyeyushwa pamoja na oili safi ya injini. Wafuga nyuki hawako mbali. Sufuria ya nta nimeiweka ndani ya sufuria ya maji ya moto, wala si juu ya moto wenyewe, maana nta ikiwaka ni hatari. Ikiwa vuguvugu hupenya katika kila kona, ikipoa inabaki laini, haipasuki. Mwisho wa msimu nampaka nayo hata plau wangu.

Sasa nifike pale ninapoona haya.

Mwaka 2023 binti yetu alitakiwa kuingia chuoni, tukaona heri tuuze pikapu. Chini ilikuwa imara, lakini mlango wa kushoto na sakafu ya nyuma vilikuwa vimeanza tena, kwa kuwa chumvi ya kayabo haisamehi. Kijana mmoja akaja akasema, "Mzee, nipe laki mbili tu. Pati na rangi, siku tatu, utauza milioni 5. Ukiiacha hivi hupati 4." Mdogo wangu akasema, "Kaka, nasi si tulifanyiwa hivyo hivyo? Tena tukakaa kimya." Nami, msomaji, nilitoa laki mbili. Sitawaficha. Tundu la sakafu kijana alilijaza sponji ya godoro.

Mnunuzi alikuwa mtu wa jumuiya yetu, tunasali naye Rozari nyumba kwa nyumba. Alikuwa ameuza pamba. Usiku wa kuamkia siku ya kuja kwake sikulala. Nilikuwa nikijitetea kitandani: Mimi sikusema uongo, sitasema neno lolote, yeye atazama mwenyewe. Lakini pati ile ilikuwa ikisema kwa ajili yangu. Ilikuwa imesimama pale uani usiku kucha ikimshuhudia jirani yangu uongo, na mimi ndiye niliyeilipa ushahidi. Mke wangu alikuwa macho. Akasema tu, "Baba watoto, mkeo yule naye atapanda nyuma." Hakuongeza neno.

Alfajiri nilichukua nyundo na brashi ya waya nikaibomoa pati yote. Mdogo wangu aliamka kwa kelele, akasimama akinitazama, amekasirika kweli kweli, akaondoka bila kuniamkia. Hatukusemezana wiki mbili. Mnunuzi alipofika alikuta sakafu ina tundu wazi. Nikampa sumaku ya spika ya redio mbovu, nikamwambia apitishe popote anapotaka: penye bati hunasa, penye pati nene huteleza. Alikuwa amevaa shati la kazi, akalala chini. Alikaa humo muda mrefu, nikisikia akigonga gonga, mara akauliza, "Na huku je?" nami nikamwambia huku nako palichomelewa 2018, na kwa nini.

Alitoa milioni 3 na laki 8. Ile laki mbili ya kijana ilikwenda bure, na karo iliyopungua nililipa kwa kuuza ng'ombe wawili. Mdogo wangu mpaka leo anasema nilimpunja sehemu yake, nami sina jibu zuri la kumpa, maana fedha ilikuwa yetu sote na shauri nililikata peke yangu. Nimemlipa nusu. Nusu iliyobaki namlipa kwa magunia, msimu kwa msimu.

Mnunuzi alitia bati jipya sakafuni, akaipaka rangi ya kijani. Jumapili huiegesha chini ya mwarobaini nje ya kanisa. Juzi baada ya mvua nilipita hapo kabla ya Misa nikaona matundu ya mlango wa kushoto yameziba tope. Nikavunja kijiti cha mwarobaini, nikapiga goti na suruali yangu ya Jumapili, nikayazibua. Maji yakatoka, kiasi cha kikombe.